Mwanga umepotelea wapi? Utatuzi wa matatizo kwa mwangalizi wa zamu ya usiku

Mwongozo huu ni wa mtu anayekalia kiti cha mwangalizi katika upimaji mkubwa wa anga. Mfano tunaoutumia ni DESI, kifaa cha kuchanganua nuru ya galaksi nyingi kwa pamoja, kilichofungwa kwenye darubini ya Mayall yenye kioo cha mita 4, juu ya mlima Kitt Peak, Arizona, Marekani. Upimaji wake ulianza Mei 2021. Uso wa fokasi, yaani mahali taswira ya anga inapotua, una faiba (nyuzi nyembamba za kupitisha nuru) 5,000, na kila faiba imeshikwa na roboti yake ndogo. Faiba hizo zimegawanywa katika petali 10 za faiba 500, na kila petali inapeleka nuru yake kwenye spektrografu moja, yaani chombo kinachoitawanya nuru kwa rangi zake, kupitia kebo ya karibu mita 50. Spektrografu zinakaa katika chumba chenye joto lisilobadilika. Kila moja ina kamera tatu, b ya bluu, r ya nyekundu na z ya nyekundu ya mbali, zinazogawana mawimbi ya nanomita 360 hadi 980. Kwa hiyo ukifungua shata (kilango cha kuingizia nuru) mara moja unapata picha 30.

Shika namba hizo kichwani. Karibu kila tatizo la usiku hutambulika kwa kuhesabu ni picha ngapi kati ya 30 zimeharibika, na zipi.

Kwanza hesabu walioathirika

Mwanga unaanzia kwenye galaksi, unapita kwenye hewa, unaingia kupitia mlango wa kuba, unagonga kioo kikuu, unapenya lenzi za kirekebishi, unaingia kwenye ncha ya faiba, unasafiri ndani ya kebo, unatawanywa na spektrografu, unatua kwenye sensa, na mwisho unasomwa na amplifaya. Ulikopotelea kunajulikana kwa wingi wa wanaolia.

Zikiharibika zote 30, tatizo liko kabla ya faiba: hewa, kuba, kioo, fokasi au uongozaji (kuifanya darubini ifuate anga kwa kutazama nyota chache). Usipoteze dakika hata moja kuangalia spektrografu, kwa sababu spektrografu kumi haziugui kwa pamoja. Zikiharibika kamera za rangi moja katika petali zote, kwa mfano b zote kumi, tuhumu hewa na lenzi zinazorekebisha mtawanyiko wa rangi. Zikiharibika kamera tatu za petali moja, nenda kwenye petali hiyo: umeme wa roboti zake, kebo yake, au shata ya spektrografu yake. Ikiharibika kamera moja tu, angalia baridi na umeme wa sensa hiyo. Kwa kawaida sensa inasomwa na amplifaya nne, basi ukiona robo moja ya picha imekuwa nyeusi au imejaa mistari, hiyo ni amplifaya. Na ikiharibika faiba moja, andika namba yake uendelee na kazi. Faiba moja kati ya 5,000 haimstahili mtu kusimamisha usiku.

Wageni wengi huanzia mwisho wa njia. Wanaona picha mbaya kwenye skrini, wanaanzisha upya programu ya kamera, dakika 20 zinakwenda, kisha wanagundua kwamba ni wingu lililopita. Anza na hesabu ndipo uguse kitufe.

Dalili: muda unakwenda lakini kigae hakikamiliki

Hii ndiyo dalili utakayoiona mara nyingi kuliko zote, na ndiyo yenye vyanzo vingi, kwa hiyo tutakaa nayo.

Anga limegawanywa vipande vinavyoitwa vigae, na kila kigae kina kiasi cha mwanga kinachotakiwa. Kiasi hicho hakipimwi kwa saa ya ukutani. Hupimwa kwa sekunde fanisi, yaani sekunde ambazo zingetosha kama hali ingekuwa nzuri. Kigae cha usiku wa giza kinadai sekunde fanisi 1,000 hivi, na cha usiku wa mbalamwezi 180. Kikokotoo hujumlisha mwanga unaoingia wakati shata iko wazi na kuifunga lengo likifikiwa. Hali ikiwa nzuri, sekunde fanisi na sekunde za saa hukimbia pamoja. Ukiona saa imekwenda dakika 25 na kikokotoo kiko kwenye 400, kuna mahali mwanga unapotelea.

Kikokotoo kinategemea vitu vitatu: uwazi wa hewa, upana wa nyota, na mwangaza wa anga lenyewe. Fungua grafu zote tatu uone ni ipi iliyosogea. Usiangalie namba ya mwisho peke yake, maana inachanganya zote tatu na haikwambii lolote kuhusu chanzo.

*Uwazi umeshuka, upana wa nyota haujabadilika.* Mara nyingi ni wingu, na hapa mwangaza wa anga ndio shahidi wako. Mwezi ukiwa juu, wingu hung'aa: uwazi unashuka na anga linazidi kuwa jeupe kwa wakati mmoja. Usiku usio na mwezi mambo hugeuka, na hili huwashangaza wengi. Juu ya mlima wenye giza, wingu ni jeusi kuliko anga, kwa sababu linaziba mng'ao hafifu wa angahewa ya juu. Utaona uwazi unashuka na anga linazidi kuwa jeusi. Usidhani hali imekuwa nzuri. Isipokuwa unaelekeza upande wa kaskazini-mashariki: mji wa Tucson uko huko, umbali wa karibu kilomita 90, na wingu lililo juu yake huakisi taa za mji.

Wingu hushuka na kupanda kwa dakika chache, na grafu yake ina meno. Moshi na vumbi haviko hivyo. Moshi hushusha uwazi polepole, hukaa saa nyingi, na huumiza zaidi vigae vilivyo chini karibu na upeo wa macho kwa sababu pale mwanga unapita hewa nene zaidi. Ukilinganisha kigae kilicho karibu na utosi (juu kabisa ya kichwa chako) na kingine kilicho nyuzi 35 juu ya upeo, tofauti itakujibu. Moshi si jambo la kupuuza Arizona: Juni 2022 moto wa Contreras ulipanda hadi kileleni Kitt Peak, na kazi ikasimama kwa miezi kadhaa.

*Uwazi umeshuka, lakini kamera ya anga nzima haionyeshi wingu.* Hapo tuhumu kuba. Mlango wa kuba ukichelewa kuzunguka pamoja na darubini, au pazia la upepo likibaki juu, sehemu ya kioo hufunikwa. Nyota za kuongozea huonekana salama kabisa, nyembamba na za duara, ila ni hafifu. Ndiyo maana kosa hili linaweza kudumu saa nzima bila mtu kulijua. Jibu liko kwenye kamera za fokasi. Kati ya kamera 10 zilizo ukingoni mwa uso wa fokasi, sita huongoza na nne hupima fokasi. Hizo nne hutazama nyota zikiwa nje ya fokasi kwa makusudi, hivyo kila nyota huonekana kama pete, na pete hiyo ni taswira ya kioo kikuu chenyewe. Pete nzima ina maana kioo kizima kinaona anga. Pete iliyokatwa upande mmoja, kama mwezi uliolika, ina maana kitu kimesimama njiani. Mpigie mwendesha darubini, mwambie pete imekatwa upande gani, naye atasogeza kuba.

*Uwazi umeshuka taratibu, unyevunyevu uko juu.* Angalia joto la kioo na joto la umande, yaani joto ambalo mvuke wa hewa huanza kugeuka umande. Kioo kikikaribia joto la umande kuna hatari ya ukungu kutanda juu yake. Tofauti ikifika nyuzi 2 au 3 za Selsiasi na inaendelea kupungua, zungumza na mwendesha darubini mara moja, usingoje kikomo kifike. Umande juu ya alumini yenye vumbi hugeuza vumbi kuwa tope, na tope halipulizwi, huoshwa.

*Uwazi uko sawa, nyota zimenenepa.* Hapa kuna vyanzo vitatu, na hutenganishwa hivi. Kama ni fokasi, pete za kamera zilizo ndani ya fokasi na zile zilizo nje yake zitatofautiana ukubwa. Zikilingana, fokasi iko sawa. Fokasi huhama kwa sababu chuma cha darubini husinyaa usiku unapozidi baridi, na kifaa kina heksapodi, yaani miguu sita inayosogeza lenzi za juu kurekebisha hilo. Rekebisho hufanyika lenyewe, lakini likikosa nyota za kutosha linaweza kubaki na thamani ya kigae kilichopita. Angalia kama thamani imebadilika tangu picha iliyotangulia. Ikiwa imeganda vilevile wakati joto limeshuka nyuzi 2, umepata.

Kama ni hewa ya ndani ya kuba, linganisha joto la kioo na joto la hewa ya nje. Kioo cha tani nyingi hupoa polepole. Kikiwa na joto kuliko hewa, hewa iliyo juu yake huchemka kama ile iliyo juu ya lami mchana. Dawa yake ni ya jioni: fungua matundu ya kuba mapema. Usiku wa manane kuna kidogo cha kufanya zaidi ya kuongeza mzunguko wa hewa, na upepo mdogo unaopita ndani husaidia.

Kama ni hewa ya juu yenyewe, kipimo cha utulivu wa hewa kilicho nje ya kuba kitakubaliana nawe. Hapo huna la kurekebisha. Mfumo wenyewe huchagua vigae vya giza, vya mbalamwezi au vya akiba kulingana na kasi ya sasa. Uache uchague. Mwangalizi anayeng'ang'ania vigae vya giza katika hewa mbovu anatumia saa mbili kwa kazi ya nusu saa.

Dalili: nyota za kuongozea zimerefuka

Weka picha za kamera sita za kuongoza pamoja kwenye skrini moja, kila moja mahali pake kwenye duara. Mwelekeo wa kurefuka ndio utambuzi wote.

Zikirefuka zote upande mmoja, darubini inatikisika au haifuati anga sawasawa. Linganisha na kasi ya upepo. Kama upepo unavuma moja kwa moja kwenye mlango wa kuba, omba kigae cha upande wa pili wa anga, pandisha pazia la upepo, au yote mawili. Kama hakuna upepo, tazama grafu ya masahihisho ya uongozaji. Masahihisho yanayoruka kushoto na kulia kila picha yana maana programu inasahihisha kupita kiasi: inafuata mchezo wa hewa badala ya darubini. Punguza nguvu ya sahihisho. Masahihisho yanayosukuma upande mmoja tu bila kukoma yana maana darubini inateleza, na hilo ni la mwendesha darubini.

Zikirefuka kulizunguka duara, kila moja ikifuata mzingo, uwanja unazunguka. Mayall ina mhimili unaoelekea ncha ya anga, kwa hiyo mzunguko ni mdogo, ila haujakoma kabisa: mhimili hauelekei pale kikamilifu, na hewa inapinda mwanga zaidi kadiri kigae kinavyoshuka. Heksapodi huzungusha lenzi pamoja na uso wa fokasi kidogo kufidia. Ukiona dalili hii, rekebisho la mzunguko limezimwa au limepewa ishara isiyo sahihi.

Zikirefuka kuelekea katikati, kama miale ya jua, ni mpangilio wa lenzi au fokasi. Rudi kwenye pete.

Nyota moja pekee ikirefuka na tano zikiwa nzuri, inaelekea ni nyota pacha. Iondoe kwenye orodha.

Kuna dalili ndogo inayofanana na hizi: uongozaji unashindwa kuanza kabisa. Kamera zinapiga picha, programu inajaribu kutambua ramani ya nyota, inashindwa. Kwanza hakikisha kuna nyota (wingu), kisha hakikisha ziko kwenye fokasi. Zikiwepo na ziko wazi, basi darubini imeelekezwa pengine. Fikiria saa: anga huzunguka sekunde 15 za tao (sekunde ya tao ni sehemu moja ya 3,600 ya nyuzi moja) kila sekunde moja ya saa, kwa hiyo kompyuta iliyochelewa sekunde 4 inakupeleka dakika nzima ya tao pembeni, tena kila mara upande uleule. Kosa linalojirudia upande wa mashariki au magharibi kwenye kila kigae ni la saa. Kosa linalobadilika kigae kwa kigae ni la uelekezaji. Omba darubini ielekezwe kwenye nyota angavu na isawazishwe.

Dalili: roboti hazifiki mahali pake

Kila roboti ina mikono miwili ya milimita 3, mmoja ukizunguka juu ya mwingine, hivyo inafikia duara lenye nusu kipenyo cha milimita 6. Roboti zimepangwa milimita 10.4 kutoka moja hadi nyingine. Maana yake maeneo yao yanaingiliana na zinaweza kugongana, ndiyo sababu njia ya kila moja huhesabiwa kabla ya kusogea.

Kazi hufanyika kwa hatua mbili. Kwanza roboti zinakwenda bila kuangaliwa na kufika karibu, kwa kosa la makumi ya maikromita. Kisha faiba zinawashwa kutoka nyuma kwa taa iliyo kwenye spektrografu, kamera iliyo katikati ya kioo kikuu inazipiga picha zote, na roboti zinapewa sahihisho. Baada ya hapo kosa la kawaida hushuka chini ya maikromita 10 au hapo hapo. Kwa kipimo cha anga, maikromita 70 ni kama sekunde moja ya tao, na kiini cha faiba kina upana wa maikromita 107, sekunde 1.5. Kosa la maikromita 10 halikuumizi. Kosa la 50 linamwaga karibu nusu ya mwanga wa nyota iliyo nyembamba.

Kosa likiwa kubwa kwa roboti zote, na kwenye picha mbili za mfululizo mishale ya makosa inaelekea pande tofauti kwa mawimbi, hiyo si roboti. Ni hewa kati ya kioo na uso wa fokasi inayocheza. Mishale ya jirani hufanana, ya mbali hutofautiana. Ukirudia picha, ramani inabadilika. Usisahihishe roboti kwa picha ya namna hiyo, utaziondoa mahali sahihi. Piga picha nyingine, au chukua wastani wa kadhaa.

Kosa likiwa kubwa kwa petali moja, angalia kwanza kama taa ya nyuma ya petali hiyo iliwaka. Petali isiyowaka haionekani, na programu inaweza kulinganisha faiba na madoa yasiyo yake. Kama taa iliwaka na roboti hazikusogea hata kidogo, umeme au mawasiliano ya petali yamekatika. Zima petali hiyo kwa utaratibu, subiri, washa, zirudishe roboti kwenye mpangilio salama, ndipo uombe kigae. Usiziamrishe ziende moja kwa moja: roboti ambayo haijui mkono wake uko wapi itamgonga jirani.

Roboti moja moja zisizosogea zipo mamia, na zinajulikana. Hazipotei bure. Programu ya kupanga inajua zimekwama wapi, na kama ncha ya faiba imeangukia mahali pasipo na nyota, hutumika kupima mwanga wa anga. Kwa hiyo usijaribu kufufua roboti katikati ya usiku. Orodha ikiongezeka ghafla, tuseme roboti 20 mpya katika kigae kimoja, hapo simama: kuna tawi zima la umeme limeanguka.

Dalili: bluu imepungua, nyekundu iko salama

Hewa hufanya kazi kama prizimu. Kigae kikiwa nusu njia kuelekea chini, ambapo mwanga unapita mara moja na nusu ya hewa ya utosini, rangi ya nanomita 360 na ile ya 980 hutengana zaidi ya sekunde 2 za tao. Hiyo ni pana kuliko faiba. Lenzi mbili zinazozunguka ndani ya kirekebishi huzirudisha pamoja.

Tatizo la kosa hili ni kwamba kamera za kuongoza hutazama rangi nyekundu peke yake. Zitakuonyesha nyota safi, katikati kabisa, huku bluu ikimwagika nje ya ncha ya faiba. Dalili pekee iko kwenye nyota za kulinganishia, yaani zile ambazo rangi zake zinajulikana: uwiano wa b kwa r unashuka katika petali zote kumi, na unazidi kushuka kadiri kigae kilivyo chini. Angalia pembe za lenzi mbili. Karibu na utosi zinafutana. Chini zinapaswa kuwa zimezunguka. Zikiwa na pembe ileile ya kigae kilichopita, amri haikufika. Itume tena, subiri zifike, kisha anza picha upya. Picha iliyopigwa kabla ya hapo usiifute. Iandike kwamba bluu yake si ya kuaminika, nyekundu inafaa.

Kama bluu imepungua kwenye petali moja tu, hilo si la hewa. Ni kamera ya b ya petali hiyo.

Dalili: kuna mwanga usiotoka angani

Mistari myembamba kwenye mawimbi yaleyale katika faiba zote ni ya anga, ndiyo kawaida yake. Ile ya zebaki, na sehemu ya ile ya sodiamu, inatoka kwenye taa za miji. Lakini mwanga laini uliopanda kwenye kamera tatu za spektrografu moja una maana taa ya nyuma haikuzimika, au mlango wa chumba uliachwa. Mwanga uliopanda kwenye petali zote, pamoja na kamera za kuongoza, unatoka ndani ya kuba: taa ya ngazi, skrini ya kompyuta, tochi ya fundi, kitufe chenye taa ya kijani ambacho mtu alisahau kukifunika kwa mkanda mweusi. Zima kimoja kimoja ukipiga picha fupi kati ya kimoja na kingine.

Setilaiti zinazovuka uwanja hazina haja ya hatua yoyote kwenye spektra. Zinagusa faiba chache kwa sehemu ya sekunde. Kwa upimaji wa picha ni jambo jingine, kwani mstari hubaki kwenye picha.

Dalili: sensa

Mchana, kabla ya jua kuzama, hupigwa picha za sifuri, za giza, za taa zenye mistari ya rangi inayojulikana, na za skrini nyeupe iliyo ndani ya kuba. Matatizo mengi ya sensa huonekana hapo, na mwangalizi mzuri huzitazama zote 30 kwa macho yake mwenyewe hata kama programu imeziwekea alama ya kijani. Picha nyeupe iliyo nyeusi kote: taa haikuwaka, au kuba halijageukia skrini. Iliyo nyeusi kwenye petali moja: shata.

Usiku, tazama joto la sensa. Za r na z hufanya kazi kwenye kelvini 140 hivi, yaani nyuzi 133 chini ya sifuri, na za b kwenye joto la juu kidogo. Joto likianza kupanda polepole, angalia shinikizo la ombwe la kasha. Ombwe likiharibika joto hufuata, na hapo hakuna kuanzisha upya programu kutakakosaidia. Mwite mhandisi wa zamu, endelea na petali tisa.

Nukta na mikwaruzo mingi kwenye r na z kuliko b ni kawaida. Sensa hizo ni nene, na miale ya kosmiki hupita ndani yake ikiacha mistari mirefu. Kwa sababu hiyohiyo picha haiachwi wazi kupita dakika 30 hivi: kigae kinachohitaji zaidi hugawanywa mara mbili, ili programu ilinganishe na kuondoa mikwaruzo.

Ukilazimika kukatiza picha, jua tofauti ya vitufe viwili. Kimoja husimamisha na kusoma sensa, kingine hutupa kila kitu. Dakika 12 za mwanga ni mali. Simamisha na usome, hata kama unadhani imeharibika.

Kufunga, na daftari

Upepo, unyevunyevu na vumbi vina vikomo vilivyoandikwa, na neno la mwisho la kufunga ni la mwendesha darubini. Usibishane naye kwa ajili ya kigae kilichobakiza dakika tatu. Wewe kazi yako ni kumpa habari mapema: wingu la mvua umeliona kwenye kamera ya anga, liko upande gani, linakuja kwa kasi gani. Mlango wa kuba huchukua dakika kadhaa kufungwa, na msimu wa mvua za Julai na Agosti wingu halingoji.

Andika kila tatizo wakati linatokea, pamoja na namba ya picha na saa ya UTC (saa moja ya kimataifa). Kwa sisi tuliozoea saa za Kiswahili hapa kuna mtego maradufu. Saa 3 usiku Arizona ni 21:00 ya huko, nayo ni 04:00 UTC, tena ya kesho yake. Tarehe ya usiku katika majina ya folda hubaki ile ya jioni mlipoanza, lakini saa iliyo ndani ya picha imeshavuka. Andika UTC na namba ya picha, usiandike "saa tatu".

Na andika ulichoona kabla ya kuandika ulichodhani. "Petali 4, b, r na z zimeshuka kwa theluthi kuanzia 06:12, uongozaji sawa, pete nzima" inamwezesha mhandisi wa asubuhi kufungua kebo sahihi. "Spektrografu ina shida" itamfanya afungue zote kumi.